Klorini bila kipimo cha pH: barua kuhusu maji ya Ziwa Kivu

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la juma lililopita mlichapisha maelezo marefu kuhusu vituo vya kutia dawa kwenye maji yanayotekwa ufukoni mwa Ziwa Kivu, na mwandishi wenu akahitimisha kwamba rangi ya waridi inayoonekana ndani ya kijichupa cha kupimia ni uthibitisho kwamba maji yako salama. Nawapongeza kwa kulishughulikia jambo hili, maana mara nyingi tunalikumbuka pale tu kipindupindu kinapokuwa kimekwisha kuingia mjini. Hata hivyo hitimisho hilo lina upungufu, na upungufu wenyewe ni wa kikemia: rangi ile inatuambia kwamba klorini ipo, lakini haituambii klorini hiyo iko katika umbo gani. Kwa maji ya Kivu, umbo ndilo jambo zito kuliko yote. Naomba nafasi nilieleze kwa kirefu, nikiwa mwalimu wa kemia katika mji huu wa Goma na mtu anayekunywa maji haya haya kila siku.

Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya takriban 9. Kipimo cha pH kilipendekezwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mwanakemia wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, na kinaonyesha wingi wa ayoni za haidrojeni ndani ya maji. Saba ni katikati. Chini ya hapo ni upande wa asidi, juu ya hapo ni upande wa besi. Kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo maji ya pH 9 yana ayoni za haidrojeni mara mia pungufu kuliko maji ya pH 7. Tofauti ya namba mbili inaonekana ndogo kwa macho, na nadhani ndiyo sababu watu wengi huipita bila kuitilia maanani.

Kwa nini ziwa letu liko upande wa besi? Chini ya ziwa kuna chemchemi zenye chumvi na gesi zitokanazo na ardhi ya volkeno, na miamba ya volkeno yenyewe humomonyolewa polepole na maji yenye kaboni dioksidi. Matokeo yake ni maji yaliyojaa bikaboneti, takriban milimoli 13 kwa kila lita hata kwenye tabaka la juu, ambacho ni kiasi kikubwa sana kwa ziwa linalohesabiwa kuwa la maji baridi. Bikaboneti inaishi kati ya majirani wawili: ikipokea ayoni ya haidrojeni inakuwa asidi ya kaboniki, ambayo huvunjika kuwa maji na kaboni dioksidi, ikitoa ayoni ya haidrojeni inakuwa kaboneti. Juu ya ziwa, ambako gesi hutoroka kwenda hewani na mwani hutumia kaboni dioksidi mchana kutwa, msawazo huu unavutwa kuelekea kaboneti, na pH inapanda. Chini kabisa, katika ziwa lenye kina cha mita 485, hali ni kinyume. Huko kaboni dioksidi imebanwa na uzito wa maji na haina pa kutokea, na pH inashuka hadi karibu na 6. Ziwa ni moja na bikaboneti ni ile ile, lakini ukiteremka mita mia kadhaa tu unatoka upande wa besi na kuingia upande wa asidi.

Jambo hili ninaweza kulionyesha darasani kwa vifaa vya bei ndogo, na ningependa kila mwalimu wa kemia wa Goma na Bukavu alifanye. Chota maji ya ziwa kwenye glasi, tia matone machache ya fenolftaleini, na maji yatageuka waridi hafifu, kwa sababu rangi hiyo huanza kuonekana pH inapopita 8.2 hivi. Kisha mpe mwanafunzi mrija apulize pumzi yake ndani ya glasi. Pumzi ya binadamu ina kaboni dioksidi takriban asilimia 4, na gesi hiyo inapoyeyuka inarudisha kaboneti kuwa bikaboneti. Baada ya muda mfupi waridi inafifia na maji yanakuwa meupe. Wanafunzi hudhani kwamba mchezo umekwisha hapo. Wape moto mdogo wayapashe maji yale polepole bila kuyachemsha sana, gesi itoke, na rangi itaanza kurudi. Mwanafunzi aliyeona rangi ikienda gesi inapoingia na kurudi gesi inapotoka hahitaji kukaririshwa kanuni ya Le Chatelier ya mwaka 1884, isemayo kwamba msawazo ukivurugwa huhama ili kuupunguza mvurugo huo. Amekwisha kuiona ikifanya kazi.

Sasa tuje kwenye klorini. Unga wa klorini uitwao HTH au maji ya javeli (klorini ya maji ya kusafishia) yanapotiwa kwenye bidoni, yaani dumu la maji, kinachopatikana ndani ya maji ni vitu viwili: asidi ya hipoklorasi, na ayoni ya hipokloriti, ambayo ni asidi ile ile iliyokwisha kupoteza ayoni yake ya haidrojeni. Viwili hivi haviko katika vyumba tofauti. Kila nukta, molekuli za asidi zinavunjika kuwa hipokloriti, na hipokloriti nyingine zinaokota haidrojeni na kurudi kuwa asidi. Anayevuka Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda, ataelewa mara moja: saa za katikati ya mchana wengine wanakwenda Gisenyi, wengine wanarudi Goma, hakuna anayesimama, na bado hesabu ya walio kila upande inaweza kubaki vile vile kwa muda mrefu. Kinachoamua wangapi wako upande upi, kwa klorini, ni pH ya maji.

Hesabu yenyewe haina siri. Asidi ya hipoklorasi ina pKa ya takriban 7.5, maana yake ni kwamba kwenye pH 7.5 nusu ya klorini iko katika umbo la asidi na nusu katika umbo la hipokloriti. Kwenye pH 7, sehemu ya asidi ni kama 77 katika 100. Kwenye pH 8 imeshuka hadi kama 25. Kwenye pH 9, ambayo ndiyo pH ya maji tunayoteka Kituku na Kyeshero, inabaki kama 3 tu katika 100. Kwa maneno mengine, ukiwa na miligramu moja ya klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, katika lita ya maji ya pH 7, asidi ya hipoklorasi ndani yake ni takriban miligramu 0.77, miligramu ile ile moja ndani ya maji ya ziwa letu inatoa takriban 0.03.

Tofauti hiyo ingekuwa habari ya vitabuni tu kama maumbo hayo mawili yangekuwa na nguvu sawa. Hayana. Asidi ya hipoklorasi haina chaji ya umeme, kwa hiyo hupenya ukuta wa bakteria kwa urahisi na kuharibu mambo muhimu ndani yake, ilhali hipokloriti ina chaji hasi, na ukuta wa bakteria nao una chaji hasi, hivyo husukumana. Vitabu vya usafi wa maji hutaja kwamba dhidi ya bakteria wa kinyesi waitwao E. coli, asidi ya hipoklorasi ina nguvu kati ya mara 80 na mara 100 kuliko hipokloriti. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, unapotaka maji yabaki na klorini huru ya angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya angalau dakika 30, hausemi hivyo peke yake. Unaongeza sharti: pH iwe chini ya 8. Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo tumeibandika kwenye mbao za matangazo kila kartiye (mtaa); sharti lake tumeliacha kwenye karatasi.

Nirudi kwenye ile rangi ya waridi. Kidonge cha DPD kinachotumiwa kwenye vituo hugeuka waridi kinapokutana na klorini huru, na kwake asidi na hipokloriti ni kitu kimoja: huvihesabu vyote kwa pamoja. Hilo si kosa la kidonge, maana hakikutengenezwa kutofautisha. Ni sisi tunaosoma zaidi ya kile kinachoandikwa. Na hapa kuna jambo ambalo ningeomba wasomaji walitazame kwa makini watakapofika kituoni. Kile kifaa kidogo cha plastiki angavu anachoshika mtia dawa, mara nyingi kina vyumba viwili vilivyo bega kwa bega. Kimoja ni cha klorini, na rangi zake zimepangwa pembeni kuanzia waridi hafifu hadi waridi kali. Cha pili ni cha pH, kinatumia kidonge kingine kiitwacho fenoli nyekundu, na rangi zake zinaanza na manjano kwenye 6.8 na kuishia na nyekundu ya waridi kwenye 8.2. Chumba hiki cha pili ndicho ninachokiona kikiwa kikavu kila nipitapo ufukoni. Ukitia maji ya ziwa na kidonge cha fenoli nyekundu ndani yake, rangi inakwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa ngazi na kuupita. Hakitakupa namba ya 9, kwa sababu ngazi yake haifiki huko, lakini kitakuambia kwamba umevuka mpaka ambao mwongozo uliuweka. Kwa kazi ya kituo, hiyo inatosha.

Nisingependa msomaji yeyote aondoke hapa akidhani kwamba klorini ya ufukoni ni bure. Itakuwa dhambi kubwa nikisababisha mama mmoja kukataa dawa kwenye bidoni lake. Bakteria wa kipindupindu ni miongoni mwa vijidudu vinavyouawa kwa urahisi na klorini, hipokloriti nayo haikosi nguvu kabisa, na kila asidi ya hipoklorasi inapotumika, msawazo unatoa nyingine kutoka kwenye akiba ya hipokloriti. Tena maji ya Kivu kwa kawaida ni maangavu, hayana tope la kumeza dawa, na hiyo ni neema ambayo miji mingi ya mito haina. Kinachobadilika ni muda. Majedwali wanayotumia wahandisi wa maji wa Marekani kwa ajili ya kijidudu sugu kiitwacho Giardia yanaonyesha kwamba pH ikitoka 7 hadi 9, kwa joto lile lile na kiasi kile kile cha klorini, muda unaohitajika unakuwa takriban mara mbili. Nayo miongozo ya maji ya dharura inayotumiwa na baadhi ya mashirika ya kibinadamu imelizingatia jambo hili siku nyingi: pH ikizidi 8, ongeza kiasi cha klorini inayobaki na uongeze muda wa kungoja kutoka dakika 30 hadi dakika 60. Ujuzi upo. Unapotelea njiani, kati ya karatasi na ufuko.

Tazameni jinsi unavyopotea. Asubuhi, kijana anafika na chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, iliyobeba mabidoni ya manjano ya lita 20, anayajaza mmoja mmoja akiwa ameingia majini hadi magotini, na kuyapanga mchangani. Mtia dawa anakuja na siringi isiyo na sindano, anavuta mililita chache za maji meupe ya klorini kutoka kwenye ndoo yenye kifuniko, anazimimina kwenye mdomo wa kila bidoni, na kumwambia kijana angoje nusu saa. Kijana anaitikia, anafunga vifuniko, na anaanza kusukuma, kwa sababu mteja wake wa kwanza yuko juu kule Ndosho au Katoyi na jua limekwisha kupanda. Bidoni la kwanza likiuzwa njiani baada ya dakika chache, aliyelinunua hana njia ya kujua dawa ilitiwa saa ngapi. Anaambiwa tu kwamba imetiwa, na hilo ni kweli. Simlaumu kijana huyo hata kidogo, maana anaishi kwa mwendo wake. Ninachosema ni kwamba muda wa kungoja lazima uhamie nyumbani kwa mnunuzi, na mnunuzi lazima aambiwe wazi: maji ya ziwa yaliyotiwa klorini yanywewe baada ya saa nzima, si baada ya nusu saa. Alama ya chaki kwenye bidoni, ikionyesha saa ya kutiwa dawa, haigharimu kitu.

Kuna sababu nyingine inayofanya pH ya ziwa letu istahili kuangaliwa, na hii inahusu kijidudu chenyewe. Vibrio cholerae hupenda upande wa besi. Maabara zinapokitafuta ndani ya kinyesi cha mgonjwa hukiotesha kwenye maji ya peptoni yenye pH ya takriban 8.6, ambako bakteria wengine wengi hudhoofika na chenyewe hustawi. Adui wake mkubwa mwilini mwetu ni asidi ya tumbo. Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa watu wazima waliojitolea yalionyesha kwamba bila kitu cha kupunguza asidi tumboni, ilihitajika vijidudu milioni 100 au zaidi ili mtu augue. Walipopewa kwanza takriban gramu 2 za bikaboneti ya sodiamu, vijidudu milioni moja, na hata pungufu ya hapo, vilitosha. Sasa fanya hesabu ya maji yetu. Milimoli 13 za bikaboneti kwa lita ni sawa na kama gramu moja ya bikaboneti ya dukani. Mtu mwenye kiu akinywa lita moja ya maji ya ziwa kwa mkupuo, hasa akiwa na tumbo tupu, analipunguza makali tumbo lake kwa kiasi ambacho si cha kupuuzwa. Sidai kwamba kuna aliyepima jambo hili ufukoni kwetu. Nasema kwamba kemia inatupa sababu ya kuwa waangalifu zaidi na maji haya kuliko maji ya mto, na mji uliopoteza watu tuliowapoteza hauna sababu ya kuidharau tahadhari. Kuanzia katikati ya Julai 1994, ndani ya mwezi mmoja tu, karibu wakimbizi 50,000 kutoka Rwanda walikufa hapa na kando ya barabara zetu, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Waliokuwepo hawajasahau.

Wako watakaouliza: ikiwa tatizo ni besi, si tukamulie ndimu ndani ya bidoni? Wazo hilo si la kijinga, na nimewahi kuulizwa na wazazi wa wanafunzi wangu, tena watu wa busara. Jibu liko kwenye bikaboneti ile ile. Maji yenye bikaboneti nyingi ni bafa, yaani hukataa kubadilishwa pH: kila ayoni ya haidrojeni unayoingiza inashikwa na kugeuzwa kuwa kaboni dioksidi. Ili kuteremsha pH ya bidoni la lita 20 hadi kwenye kiwango ambacho asidi yenyewe ingekitesa kijidudu cha kipindupindu, ungehitaji maji ya ndimu ya zaidi ya nusu lita, na bidoni hilo lingekuwa si maji tena. Ukitia kidogo ili tu kuisaidia klorini, sukari na vitu vingine vya tunda vitaila klorini kabla haijakutana na kijidudu chochote. Kwa sababu hiyo hiyo ya bafa, hakuna tofauti kubwa ya pH kati ya vidonge vya kusafisha maji na unga wa HTH vikishaingia ndani ya maji ya Kivu; ziwa lina nguvu kuliko dawa. Ndimu ibaki kwenye samaki na sombe, ambako inafanya kazi nzuri.

Kuna hatari moja hapa ambayo lazima niitaje kwa sauti ya juu kuliko mengine yote. Javeli isichanganywe kamwe na asidi, iwe ndimu nyingi, siki au zile dawa kali za kusafishia vyoo. Asidi ya hipoklorasi ikizidi kupewa ayoni za haidrojeni mbele ya ayoni za kloridi, ambazo ndani ya javeli ni nyingi, msawazo unahama tena, safari hii kuelekea klorini yenyewe iliyo gesi, nayo hutoka ndani ya ndoo na kuunguza mapafu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hulala chini, na watu wa Goma tunaozijua mazuku, yaani sehemu za bondeni zinazojaa kaboni dioksidi itokayo ardhini, tunajua maana ya gesi inayolala chini mahali ambapo watoto hucheza. Wanaosafisha vyoo vya shule na wodi za hospitali kwa javeli asubuhi na kwa dawa ya asidi jioni, katika chumba kimoja kisicho na dirisha, waambiwe hivi na wakuu wao kabla ya kukabidhiwa ndoo.

Maji ya mvua nayo yanahitaji neno, ingawa fupi. Kaya nyingi za juu ya lava, ambako hakuna kijito wala kisima, hukinga mvua kwenye mabati. Mvua safi kabisa ina pH ya takriban 5.6 kwa sababu ya kaboni dioksidi ya hewani. Chini ya moshi wa volkeno ya Nyiragongo, wenye dioksidi ya salfa, kloridi ya haidrojeni na floridi ya haidrojeni, inashuka zaidi ya hapo. Maji hayo hayana bikaboneti ya kuyalinda, hula mabati, na huweza kubeba floridi inayozidi kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita, ambayo klorini haiwezi kuiondoa. Lakini kwa upande wa vijidudu, klorini ndani ya mvua huwa na sehemu kubwa zaidi katika umbo la asidi ya hipoklorasi kuliko ndani ya maji ya ziwa. Kwa hiyo katika uwanja mmoja wa Himbi kunaweza kuwa na ndoo mbili, moja ya ziwa na moja ya mvua, zilizotiwa matone sawa ya javeli, na dawa ikafanya kazi kwa kasi tofauti kabisa katika kila moja. Anayefundisha matone bila kutaja chanzo cha maji anafundisha nusu ya somo. Kuchemsha, ambako hakutegemei pH, kungemaliza ubishi, lakini bei ya makala, yaani makaa ya kupikia, tunaijua, na miti inayochomwa kuyapata tunajua inatoka wapi.

Ninaandika pia kwa sababu ya shule. Wanafunzi wa sehemu ya kemia na biolojia hukutana na msawazo wa asidi na besi katika miaka ya mwisho, na wengi wao huweza kukokotoa pH ya asidi asetiki bila kukosea, kwa kuwa swali hilo hupenda kurudi katika Mtihani wa Serikali. Wanajua kwamba Arrhenius aliweka msingi mwaka 1884, na kwamba Brønsted na Lowry, kila mmoja kwa njia yake, walieleza mwaka 1923 kwamba asidi ni kile kinachotoa protoni na besi ni kile kinachoipokea. Mwanafunzi huyo huyo akirudi nyumbani anakuta bidoni la maji ya pH 9 mlangoni, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba swali la mtihani na bidoni ni jambo moja. Ningefurahi kuona hesabu ya hipokloriti kwenye pH 9 ikichukua nafasi ya moja kati ya zile hesabu za siki. Mwalimu haihitaji ruhusa ya mtu kufanya hivyo.

Maombi yangu, basi, kwa wanaosimamia vituo na kwenu ninyi waandishi. Kila kituo kiandike pH kando ya klorini katika daftari lake. Mtia dawa aongezewe ujumbe wa saa moja badala ya nusu saa. Nanyi mnapokwenda kuripoti idadi ya mabidoni yaliyotiwa dawa, ulizeni pia chumba cha pili cha kile kifaa kinasema nini, kisha mchapishe jibu hata kama jibu ni kwamba hakitumiki.

Kwa watakaoanza kupima, neno moja la kazi. Pimeni pH kabla ya kutia dawa, wala si baada yake, kwa sababu klorini ikiwa nyingi huiharibu rangi ya fenoli nyekundu na kuwapa jibu la uongo. Suuzeni chumba cha kifaa kwa maji yale yale mnayopima. Kidonge kisiguswe kwa vidole. Na pakiti za vidonge zisiachwe juani kwenye meza ya ufukoni, bali kwenye kivuli, ndani ya kopo kavu linalofungika.

Wako katika ujenzi wa mji,

Mwalimu wa kemia,
Himbi, Goma